Hamira iliyobaniwa salfeti

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeniuliza hamira yangu inaendeleaje, nikacheka peke yangu. Ile niliyoanza nayo ilishakwisha zamani humo chupani. Seli zilizomo sasa ni vilembwe vyake, na tabia zimebadilika.

Kemostati unaijua, ile chupa ya kukuzia seli. Pampu inadondosha chakula kipya, kiasi kilekile kinatoka upande wa pili na seli zake, na seli isiyozaana kwa kasi hiyo inasombwa. Nimeweka asilimia 17 ya ujazo kwa saa, kwa hiyo seli lazima ziongezeke maradufu kila baada ya saa nne hivi. Kila kitu nazipa tele, ila salfeti, chumvi inayozipa salfa, nazibania.

Nilidhani njaa ni njaa. Kumbe wapi! Ukibana salfeti, karibu kila mara zinazotamba ni zile zilizojirudufia SUL1, jeni ya mlango unaoingiza salfeti ndani ya seli. Ukibana glukosi, nyingine hujirudufia HXT6 na HXT7, milango ya sukari, na nyingine huharibikiwa na MTH1, jeni inayoizuia milango hiyo sukari ikiadimika. Sasa sikia hili: seli yenye mabadiliko yote mawili hushindwa na yenye moja tu. Mimi ningeapa kwamba faida mbili zingejumlishika.

Basi wiki ya tatu nikaona utando mweupe umezunguka ukuta wa chupa, juu kidogo ya maji. Kwenye hadubini seli zimeshikana vichala kama zabibu, mabinti hawajabanduka kwa mama zao. Zilikuwa zimepata njia ya kumkwepa pampu bila kuhangaika na salfeti: kung'ang'ania ukuta. Hesabu zangu zote za siku zile nimezitupa, na chupa nimeisugua mpaka kiganja kikauma. (Usinicheke, najua uliniambia nibadilishe chupa mapema.)

Nilichookoa ni sampuli nilizogandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kila baada ya siku tatu. Jumatatu nazindua ya siku ya 12, kabla ya vichala, niishindanishe na mzazi wao, yaani hamira ile ya mwanzo: chupa moja yenye salfeti kidogo, nyingine yenye salfeti tele.

Wewe ungechanganya nusu kwa nusu, au ungempa mzazi wingi? Nijibu kabla sijawasha pampu.

Wako,
Juma