Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Sabuni iliisha Ijumaa jioni

Mheshimiwa Waziri,

Nina duka Kayole, mtaa wa Nairobi, lile la dirisha la vyuma ambalo mteja haingii ndani. Nauza kadogo: sukari ya shilingi kumi, mafuta ya kupimiwa, sabuni ya mche iliyokatwa vipande. Nakuandikia kwa sababu kila redio ikitaja kipindupindu au mpox, naona macho yakianza kuzihesabu bidhaa zangu kama mwaka ule wa korona.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Ijumaa, 13 Machi 2020. Jioni hiyo bwana mmoja akasimamisha gari, akanunua sabuni yote, katoni mbili. Nilimbebea mwenyewe hadi kwenye buti. Sitakudanganya, nilifurahi.

Kesho yake asubuhi akaja mama anayefulia watu nguo, kumi yake mkononi. Nikamwambia imeisha. Akachungulia nyuma yangu, akaona karai langu lina povu. Hakusema kitu. Nikamkatia nusu ya kipande cha nyumbani, na ile kumi nikaichukua.

Tuliambiwa tusinunue kwa pupa. Aliyekuwa akiambiwa ni nani? Mtu wa kibarua, anayelipwa jioni na kula jioni hiyo hiyo, hana pesa za kurundika karatasi za choo. Waliofagia rafu za supamaketi ni wenye mshahara wa mwezi na mahali pa kuweka. Sisi tulioletewa wimbo wa kunawa mikono tulikuwa tunanunua maji kwa mtungi.

Mwezi huo huo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayolinda wanunuzi, iliamuru supamaketi moja iwarudishie wateja pesa kwa kuwauzia vitakasa mikono kwa bei ya kuruka. Vizuri sana. Lakini kurudishiwa kunataka risiti, na mimi sijawahi kumwandikia mtu risiti ya sabuni ya shilingi kumi. Holesela aliponipandishia, nami nilipandisha, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Vijana wa ploti yetu walifanya lao. Walichomelea vyuma, wakaweka mtungi unaofunguliwa kwa kukanyaga, sabuni wakaitia ndani ya soksi na kuifunga kwa kamba. Iliibwa mara mbili. Mara ya tatu wakaweka vipande vidogo ambavyo mwizi angeona aibu kubeba, vikakaa.

Ninaloomba ni dogo. Siku utakayotangaza ugonjwa, tangaza jioni hiyo hiyo na kiwango: mteja mmoja, sabuni kadhaa, unga pakiti kadhaa. Machifu watuletee karatasi yenye mhuri. Nikimkatalia mwenye gari kwa mdomo wangu, ataona nina kiburi, na kusema kweli pesa yake itanishinda. Ikiwa kuna mhuri, nitanyoosha kidole tu.

Nafasi ya kuibandika ipo, hapo dirishani, juu ya bei ya mkate.

Wako,
Mwenye duka, Kayole