Usiniombee kama Jai

Sahibu yangu Mudi,

Salaam aleikum. Huku Tanga hatujambo, Mama anakusalimu na anasema chupa yake ya chai bado anaikumbuka. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Utanigombeza siku nyingine, leo nina aibu nataka kuitua.

Ijumaa nilikwenda sendofu ya mdogo wake Saidi. Watu wote wamevaa sare ya zambarau, mimi peke yangu na shati la kijani kama mtoza ushuru wa sokoni. Unanijua kwenye halaiki: sahani huku, soda kule, mtu akinipa mkono sijui niweke nini wapi. Nikamwonea wivu Thakur wa ile filamu yetu ya Kihindi, Sholay, wallahi. Yeye shali lake begani, hakuna anayemsumbua habari ya kupeana mikono.

Basi akaja dada mmoja, mtandio wa dhahabu, anatembea kwa heshima zake. Mdomo ukanitangulia: "Shikamoo, mama."

Meza nzima vijiko vikasimama. Akanitazama, akasema, "Marahaba, mwanangu. Siku hizi hesabu unanakili kwa nani?"

Zuhura! Zuhura wa dawati la dirishani!

Nikataka kutengeneza, nikaharibu. Nikamwambia, "Samahani, nimekuona umejaa heshima." Mudi, heshima hakuisikia. Alisikia "umejaa".

Nikatoka kabla ndafu haijakatwa. Mimi, niache ndafu!

Nyumbani nikafungua Sholay, saa nne ya usiku, nikamaliza saa saba na ushee. Filamu ya 1975, sisi hata hatujazaliwa, lakini kile kibanda umiza cha Ngamiani tuliiangalia mpaka mkanda ukawa unakwama palepale shali la Thakur linapoanguka na mikono haipo. Kihindi hatujui hata cha kuombea maji, na tulilia. Safari hii haikukwama, nikaona kama nimepunjwa. Ule wimbo wa pikipiki niliuimba wote, jirani akagonga ukuta. Nikawa nimesahau yote, mpaka akatokea Basanti na gari lake la farasi, anaongea bila kumeza mate, nikamkumbuka Zuhura upya. Darasani si alikuwa hivyohivyo? Ijumaa alisema sentensi moja tu. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Sasa shida yangu. Shemeji na Zuhura wanapigiana simu, au siyo? Mwambie anipenyezee neno. Ila tafadhali, usiniombee kama Jai alivyokwenda kumposea Veeru kwa mama mdogo wa Basanti, anamsifu mwenzake huku anataja kamari, pombe na wanawake, mpaka yule mama akakataa katakata. Wewe una tabia hiyo. Ya shati la kijani usiseme, ya kunakili hesabu anaijua mwenyewe. Na sisemi habari ya posa, nasema msamaha tu. Ingawa... basi, tuyaache.

Harusi ni Jumamosi ijayo, mtakuja? Nitakaa na nani kama huji? Zuhura alikasirika, au alikuwa anacheka moyoni? Hivi ameshaolewa? Nauliza tu. Na ule mkanda wetu alibaki nao nani, wewe au Saidi? Nijibu upesi, sare ya harusi bado sijaishona.

Wako,
Bakari