Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Kitengo cha Utengamao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Uongozi wa hospitali, madaktari na wauguzi, wataalamu wa utengamao,
Ndugu mliotusindikiza, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Ulipoingia ukumbini baadhi yetu tulisimama na baadhi tukabaki tumeketi. Tunaomba usituhesabie utovu wa adabu. Kila mmoja alikusalimu kwa kadiri ya viungo alivyo navyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu kinaunganisha watu waliopita katika ukumbi wa mazoezi wa kitengo hiki cha utengamao, yaani cha kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuutumia mwili wake. Wapo waliokatwa mguu au mkono, kwa ajali, kwa saratani, na wengi kwa kisukari. Wapo walioumia uti wa mgongo. Wapo pia waliopandikizwa figo au moyo, na hao huulizwa kila mara wanatafuta nini kwa watu wa magongo. Tutalifikia swali hilo.

Leo utatukabidhi miguu ya bandia. Tunaipokea kwa mikono miwili, na aliye na mmoja anaupokea kwa huo huo. Lakini tumeona ni heri tukueleze ukweli ambao hausemwi siku za makabidhiano: mguu wa bandia ukishakabidhiwa na picha zikapigwa, hapo ndipo kazi inapoanza. Na kazi hiyo haina mfadhili.

Naomba nitoe mfano wangu mwenyewe, mimi katibu ninayesoma. Nilikatwa juu ya goti. Ndugu zangu, kwa mapenzi yao, waliniwekea mto laini chini ya kigutu ili nipumzike vizuri. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mto ule ni adui. Paja likikaa limeinuliwa siku baada ya siku, misuli ya nyonga hufupika na kiungo hukakamaa kikiwa kimekunjika, na nyonga isiyonyooka haiwezi kusimamia mguu wa bandia. Nilichotakiwa kufanya ni kulala kifudifudi mara kadhaa kwa siku ili nyonga inyooke, na kufungwa bandeji kwa namna inayopunguza uvimbe na kukipa kigutu umbo. Vitu viwili visivyo na gharama kubwa. Nilivijua nikiwa nimechelewa, nikatumia miezi kunyoosha kilichokunjwa na mto.

Kisha linakuja suala la soketi, yaani sehemu ya mguu wa bandia inayopokea kigutu. Kigutu kipya hakitulii. Kwa miezi ya mwanzo kinaendelea kunywea, na soketi iliyokaa sawasawa siku ya kwanza inaanza kucheza. Mtu anaongeza soksi ya pili, ya tatu, mwisho ngozi inachubuka na kidonda kinafunguka. Mwenye kisukari kidonda hicho kinaweza kumrudisha kwenye meza ya upasuaji. Asiye na pa kurudi kurekebishiwa anaufunga mguu wake kwenye kitambaa na kuusukuma chini ya kitanda. Wanachama wetu kadhaa wana miguu ya namna hiyo, Mheshimiwa, miguu mizima kabisa, iliyotolewa kwa hotuba nzuri. Kwa mtoto hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa yeye anakua na mguu haukui. Kila mwaka au karibu na hapo anahitaji mwingine.

Tuseme na la uchovu, maana tumechoka kuitwa wavivu. Aliyekatwa chini ya goti hutumia nguvu zaidi ya mwenye miguu miwili kwa mwendo ule ule, kwa kiasi cha robo hivi. Aliyekatwa juu ya goti nyongeza inaweza kupita nusu. Ukituona tumeegemea ukuta, tumeshatembea safari ndefu kuliko unavyodhani.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wetu tulilificha. Mguu haupo, lakini kisigino kinawasha. Vidole vilivyozikwa vinajikunja usiku na kuuma kama vimebanwa na mlango. Mwenzetu mmoja alikaa muda mrefu bila kumwambia mtu, akiogopa kuonekana amerukwa na akili. Kumbe daktari wa Kifaransa Ambroise Paré aliyaandika maumivu haya karne ya 16, na Silas Weir Mitchell wa Marekani akayapa jina la kiungo mzuka (phantom limb) mwaka 1871, baada ya kuwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ubongo bado una ramani ya mguu ule. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran alianza kutumia kioo: mgonjwa anatazama taswira ya kiungo kizima ikiwa mahali pa kilichokatwa, na ubongo unaona kile kidole kinakunjuka. Si kila mtu hupona kwa kioo. Hata hivyo, kusikia tu kwamba ugonjwa wako una jina ni nafuu ambayo hatuwezi kuipima.

Sasa turudi kwa wenzetu waliopandikizwa. Mwaka 1998, mjini Lyon, Ufaransa, timu ya madaktari iliyoongozwa na Jean-Michel Dubernard ilimpandikiza mtu mkono wa marehemu. Dunia ikashangilia. Mwaka 2001 mkono huo ulikatwa tena, baada ya mwenyewe kuacha dawa za kuzuia mwili usiukatae. Hata anayezimeza dawa zake bila kukosa ana safari ndefu: mishipa ya fahamu huota kwa takriban milimita moja kwa siku, hivyo kutoka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole ni kama nusu mwaka, na wakati wote huo mkono lazima ufanyishwe mazoezi usije ukakakamaa kabla ya kuanza kuhisi.

Aliyepewa moyo mpya naye, mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiuamrisha moyo imekatwa. Akianza kutembea haraka, moyo haujui. Unasubiri homoni zifike kwa njia ya damu ndipo uongeze kasi, na akipumzika unachelewa kutulia. Kwa hiyo anafundishwa kuanza taratibu na kumaliza taratibu. Mwenye figo mpya ametoka katika ugonjwa wa miaka uliomla misuli, na baadhi ya dawa zake zinaendelea kuidhoofisha. Ndiyo maana wako nasi.

Mheshimiwa, mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo aliyevunjika uti wa mgongo alitazamwa kama mtu wa kusubiri kufa, na mara nyingi kilichomuua ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann akaagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Dawa ilikuwa watu wa kugeuza watu. Julai 1948 wanajeshi 16 walioumia, wanaume kwa wanawake, walishindana kwa upinde na mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na kutoka hapo ikazaliwa Paralimpiki ya Roma mwaka 1960.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali ambazo utengamao ungewasaidia, na kwamba kati ya watu kumi wanaohitaji viungo bandia na vifaa vya kushikiza viungo, ni mmoja tu anayevipata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ibara ya 26, unataka huduma hizi zianze mapema iwezekanavyo. Mapema, kwetu sisi, ni kabla ya upasuaji. Tunaomba mtaalamu wa fiziotherapia aonane na mgonjwa, na ndugu zake wa mito, kabla daktari hajashika kisu.

Tunaomba pia kila mguu unaotolewa utengewe fedha za kuurekebisha kwa miaka inayofuata. Kama fungu halitoshi, toeni miguu michache na mwajiri fundi wa soketi. Tumelijadili hili kikaoni, na waliolipigia kura ni pamoja na wale ambao bado wako kwenye foleni ya mguu wa kwanza.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Ratiba inaonyesha kwamba sasa tunapanda jukwaani kupokea vifaa. Jukwaa lina ngazi tatu na halina mteremko, na saba kati yetu tuko kwenye viti vya magurudumu. Kwa heshima kubwa, tunakuomba ushuke wewe.