Fadhila za Waethiopia si mali ya Mengistu

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu wa Masasi aliyeitetea Zimbabwe kwa kuendelea kumhifadhi Mengistu Haile Mariam, mtawala wa zamani wa Ethiopia aliyehukumiwa kwao kwa mauaji. Hoja yake ni kwamba Ethiopia iliwapa mafunzo na silaha wapigania uhuru wa Zimbabwe, na aliyekuwa madarakani Addis Ababa wakati huo ni Mengistu, kwa hiyo Harare ikimkabidhi itakuwa imekosa shukrani. Akamalizia kwa kusema sisi watu wa Kusini tunapaswa kulielewa hilo kuliko Watanzania wengine, maana ukombozi ulipita milangoni kwetu.

Ulipita kweli. Ndiyo maana hoja yake imenikaa vibaya.

Mimi ni mkazi wa Nachingwea. Hapa ndipo Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipokuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo, Farm 17, kwenye ardhi iliyobaki baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa. Marehemu baba alikuwa mmoja wa waliokuwa wakipeleka makopa na mbaazi kambini. Alifunga gunia kwenye kariya ya baiskeli kwa mpira wa tairi, akaondoka kabla jua halijachomoza, na hadi anafariki hakuwahi kutuambia kama alilipwa hata senti. Ndugu zetu wa kandokando ya Ruvuma waliumia zaidi yake, kwa sababu mabomu ya Wareno yaliwakuta upande huu huu wa mto.

Sasa namuuliza ndugu yangu wa Masasi: msaada ule ulikuwa wa nani? Uamuzi ulikuwa wa Mwalimu, na heshima yake iko pale pale. Ila makopa hayakutoka Ikulu. Tuseme Mwalimu, Mungu apishe mbali, angekuwa ameua raia kwa maelfu kisha akakimbilia Maputo. Msumbiji ingekuwa inamlipa baba yangu fadhila kwa kumficha mtu aliyemuulia jirani yake?

Ya Ethiopia ni hayo hayo. Tena nchi ile ilianza kusaidia ukombozi Mengistu akiwa bado hajulikani. Nelson Mandela alipata mafunzo ya kijeshi Ethiopia mwaka 1962, enzi za Mfalme Haile Selassie. Huyo Haile Selassie alipinduliwa mwaka 1974 na wanajeshi wa Derg, baraza la kijeshi lililoshika nchi, Mengistu akiwemo, akafa akiwa mikononi mwao mwaka uliofuata, na mifupa yake ilikuja kufukuliwa mwaka 1992 ndani ya eneo la ikulu. Kama Afrika ina deni kwa mtawala wa Ethiopia, basi tuanze kwa kuuliza nani alimzika yule mzee pale.

Vijana wengi wa leo hawalijui jina la Mengistu, kwa hiyo niseme kidogo. Aprili 1977 alisimama uwanjani Addis Ababa mbele ya umati, akapasua chupa zilizojaa kitu chekundu mfano wa damu, akatangaza vita dhidi ya wapinzani wa mapinduzi. Kampeni iliyofuata iliitwa Ugaidi Mwekundu. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wanafunzi na vijana wa mjini. Maiti ziliachwa barabarani, na zipo familia zilizotakiwa kulipia risasi iliyomuua mtoto wao ndipo zikabidhiwe mwili. Hili la risasi kila nikilifikiria nashindwa kuendelea na kazi niliyoshika.

Mei 1991, waasi wakiukaribia mji mkuu, alipanda ndege akaishia Harare. Waliobaki walishikwa. Kesi ilianza mwaka 1994 na upande wa mashtaka ulikuwa na nyaraka za Derg wenyewe, maana walikuwa watu wa kuandika kila kitu. Desemba 2006 Mengistu alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari bila yeye kuwepo. Mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha, na Mei 2008 Mahakama ya Juu kabisa ikaigeuza kuwa adhabu ya kifo.

Wenzake waliohukumiwa kufa walipunguziwa adhabu mwaka 2011 ikawa kifungo cha maisha, na mwaka huo huo wengi wao wakaachiwa baada ya kukaa ndani miaka ishirini. Maana yake waliopokea amri wametumikia na kurudi makwao. Aliyekuwa akizitoa hajalala rumande hata usiku mmoja. Mwaka 1999 alikwenda mpaka Afrika Kusini kutibiwa, akarudi Harare bila kuguswa. Waswahili tulishasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu amepita miaka thelathini na jembe hajalishika.

Sisemi kwamba kumpokea kiongozi aliyepinduliwa ni kosa. Sisi wenyewe tulimpokea Milton Obote mwaka 1971 na Idi Amin akatuchukia kwa hilo. Huyo Amin naye alifia Jeddah mwaka 2003, kitandani, wala hakuna hakimu aliyewahi kumuuliza swali, huku watu wa Kagera wakiwa bado na makovu. Nikimkumbuka Amin siwezi kumtetea Mengistu kwa lugha ya ukarimu. Na nasema wazi kwamba fadhila siyo sababu pekee ya Harare. Serikali ambayo haijamfikisha mtu mahakamani kwa mauaji ya Gukurahundi, yale ya raia wa Matabeleland nchini mwake miaka ya themanini, haiwezi kuwa na haraka ya kumpeleka mwingine mahakamani kwa mauaji ya kwao.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni adhabu ya kifo. Desemba 2024 Zimbabwe iliifuta adhabu hiyo, na Rais Mnangagwa mwenyewe aliponea chupuchupu kitanzi cha walowezi miaka ya sitini. Siwezi kuitaka nchi kama hiyo impeleke mtu kunyongwa. Lakini dawa yake ipo. Addis Ababa imfanyie Mengistu kama ilivyowafanyia wenzake, ipunguze adhabu, iandike ahadi, na impe nafasi ya kujitetea ana kwa ana kwa kuwa alihukumiwa akiwa mbali.

Na kama kuna anayeona kwamba, baada ya vita ya Tigray, mahakama za Ethiopia nazo hazijatulia, basi lifanywe la Senegal. Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, aliishi uhamishoni Dakar tangu mwaka 1990. Souleymane Guengueng, mhasibu aliyenusurika katika magereza yake, alikusanya ushahidi wa watu mia saba na zaidi akauficha nyumbani hadi siku ilipofika. Umoja wa Afrika na Senegal wakaunda mahakama maalumu hapo hapo Dakar, na Mei 2016 Habré akahukumiwa kifungo cha maisha. Hakusafirishwa popote.

Ila muda wa jambo hili unakwisha. Félicien Kabuga alikamatwa Ufaransa mwaka 2020 baada ya kutafutwa miaka mingi kwa mauaji ya Rwanda, na mwaka 2023 majaji wakaona afya yake haimruhusu tena kushtakiwa. Mengistu amekwishapita miaka themanini.

Tanzania ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na wapiganaji wa Zimbabwe walifundishwa katika kambi ya Mgagao, Iringa, kwa chakula chetu. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ina haki ya kuliuliza hili Harare, na ningependa kusikia kama imewahi kuliuliza.

Mkulima wa korosho,
Nachingwea, Lindi