Barua ya wazi kwako uliyeshika mkasi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana hasira haifuti undugu. Sanduku la bati la Baba Mkubwa, lile lenye picha za treni za mvuke na filamu zake, liko kwangu. Kabla hujaniita mwizi tena mbele za watu, soma.

Ile picha ya treni uliitupa kwa kuwa bomba la injini halitoi moshi. Uliishi nyumba moja na Baba Mkubwa, mchochea moto wa injini ya mvuke, na bado hukujua? Moshi mweusi ni makaa yaliyokosa hewa, yakatoka bila kuungua. Mchochea hodari hutia koleo chache, mara kwa mara, akiyatupa pale moto ulipopungua, na juu ya bomba huoni zaidi ya ukungu mwepesi wa kijivu. Waliopenda moshi ni wapiga picha. Wewe ulitupa ushahidi wa kazi yake ikifanyika sawasawa! Na fito zinazounganisha magurudumu zilikuwa zimeshuka chini, mkao ambao wapiga picha wa reli huuvizia.

Halafu ule mkasi. Hapo siwezi kukusamehe bado. Kwenye picha nyingine ulikata watu ukabakiza injini, eti itoshe kwenye fremu. Mwenye kopo la mafuta, mwenye nyundo ya kugonga magurudumu asikie kama chuma kinalia vizuri au kimepasuka, yule aliyetoka kukokota majivu chini ya tanuri, wote wakaanguka chini ya meza. Injini zina picha tele. Wale watu walikuwa na ile moja. O. Winston Link alipopiga picha treni za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western huko Marekani kati ya 1955 na 1960, mara nyingi usiku kwa balbu nyingi za flashi, wafanyakazi aliwaweka ndani ya picha.

Ila sifa yako nakupa hadharani: majina yao unayakumbuka wewe peke yako. Yaandike nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya.

Mengine niachie, ndiyo maana nililichukua sanduku. Negativu, yaani filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, ulizofungia kwenye mifuko ya plastiki zilikuwa zinanuka siki. Hiyo ni filamu ya asetati, aina ya plastiki, inayooza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Hutengwa, zikatiwa kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mahali pa baridi, unyevu wa hewa asilimia 30 hadi 40. Negativu za vioo husimamishwa kwa ubavu mrefu, hazirundikwi. Upande usiong'aa ndio wenye picha. Haufutwi kwa maji wala kitambaa. Vumbi hupulizwa kwa kipulizio cha mpira. Wewe ulipitisha kitambaa cha meza, mdogo wangu, na mikwaruzo naiona. Hata nakala ulizotuma kwa ndugu, namba ya injini inasomeka kinyume: uligeuza filamu.

Unasema nimejimilikisha. Haya, nimejimilikisha. Nani mwingine pale nyumbani angenusa ile siki akajua ni nini? Ningengoja kikao cha ukoo huku filamu zinajikunja?

Vile vipande, kama hujavichoma, viweke bapa kati ya karatasi mbili safi uniletee. Usiviunge kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano ikaingia kwenye picha.