Mkimpa mama wa watu mchele, simu iacheni mfukoni

Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Moshi, nakaa Pasua na nauza vitenge na kanga pale Mbuyuni, gazeti lenu nalisoma mchana wateja wakipungua. Sijawahi kuandika barua hata siku moja ila hili jambo limenikaa kooni tangu Desemba, na nimeona nisipoliandika nitaendelea kugombana na watu sokoni, na mpaka sasa nishagombana na wawili.

Desemba mnaijua ilivyo huku kwetu. Watu wa Dar na kwingineko wote wanapanda, barabara za Uru, Kibosho, Machame na Marangu zinajaa magari, kila nyumba inanuka nyama ya mbuzi, mbege, pombe yetu ya ndizi, inashushwa, hata asiyemsalimia mama yake mwaka mzima anaonekana. Sasa mwaka huu mtaani kwetu kikaja kikundi cha vijana, watu wazuri tu wala siwasemi vibaya, wamechangishana hela zao wakanunua mchele kilo tano tano, mafuta lita moja na sabuni ya mche kwa kila mama mzee asiye na uwezo. Mpaka hapo sina neno. Ila wakawapanga mstari juani, kila mama ananyanyua mfuko wake juu, kijana ana simu anasema "bibi cheka kidogo, tazama huku," alafu kuna mwingine anarekodi video, na ile video ikawekewa wimbo ikaanza kutembea kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata wale kina mama hawajafika kwao.

Mmoja wao namfahamu, huwa anakaa kwenye benchi langu akitoka kliniki ya presha. Mtoto wake wa kiume yuko Dar anabeba mizigo, anachopata anatuma, kidogo lakini anatuma. Akaiona ile video kwenye grupu la ukoo. Akapiga simu usiku analia, eti mama kumbe mi nakulaza njaa mbele ya watu wote hawa. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, ule mchele nimeupeleka kanisani, siwezi kuupika, kila nikiutazama naona ule uso wangu ninaochekeshwa."

Nilivyorudi nyumbani siku hiyo nilimuwaza baba yangu mpaka usingizi ukakata.

Baba alikuwa fundi mashine. Sio mashine za maana, mashine ya kusaga nafaka, huko Uru nilikozaliwa. Mashine yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri mmoja, baba alikuwa anaiwasha asubuhi, anasaga, anaizima jioni, anapeleka hesabu. Injini ya Lister, zile zinazozungushwa kwa hendeli mpaka mtu mishipa inatoka shingoni, alafu inaanza tu tu tu tu na kijiji kizima kinajua leo dizeli imepatikana. Nazungumzia miaka ya themanini mwanzoni, mnaokumbuka mnakumbuka, sukari foleni, sabuni foleni, dizeli ya kuvizia, na yale mahindi ya njano ya msaada tuliyoyaita yanga. Baba alikuwa Simba damu, kila tukipakuliwa ugali wa yanga anafumba macho anasema anakula kwa sababu ya njaa tu, moyoni hajahama timu.

Sasa nieleze kitu ambacho wengi wa siku hizi hawakijui maana unga wanaununua kwenye mfuko umeshafungwa. Ukimwaga mahindi kwenye mashine, unga wote hautoki. Mwingine unabaki kwenye kinu, mwingine unaganda kwenye ule mfuko wa kitambaa pale unga unapomwagikia. Mwenye gunia hata hasikii. Lakini mtu kaja na sado moja, au nusu sado kwenye kitambaa, mashine ikimeza vikombe viwili vitatu pale imemeza chakula cha jioni cha mtu. Yaani mashine inamkata maskini kuliko tajiri, na hakuna aliyekusudia, ndivyo chuma kilivyotengenezwa.

Na ule unga unaobaki jioni mashine ikizimwa ulikuwa wa fundi. Ndo makubaliano na tajiri wake, mshahara mdogo lakini unga wa mwisho na wa kufagia ni wako. Ule ndo ulikuwa ugali wetu, watoto sita.

Baba alivyofanya ni hivi. Akija mtu na mzigo mdogo, alikuwa anauchelewesha kidogo, anasaga kwanza gunia la mwingine, ili kinu kiwe kimeshashiba unga, ndo anamwaga yule mwenye kidogo. Kwahiyo mashine haili tena, imeshakula kwa mwenye gunia. Alafu akimaliza anaukung'uta ule mfuko, anaupiga kwa fimbo pa pa pa mpaka unga wote unashuka kwenye kitambaa cha yule mama. Akiondoka na kizidi, kazidi. Mwenye gunia hajapungukiwa kitu cha kuonekana, mwenye sado kaenda na chake kamili na cha juu. Hakuna aliyesaidiwa hapo, kila mtu kasagiwa tu mahindi yake.

Kulikuwa na mjane mmoja alikuwa analima shamba la porini, huko tambarare chini, mahindi anapandisha mwenyewe kichwani mpaka huku juu. Mwaka ambao mvua ilikataa alikuja na mahindi yakujaza kikapu kidogo tu, tena mengine yametobolewa. Baba akasaga, akakung'uta, alafu akamwambia, "Mae, nisaidie kitu kimoja. Kuna unga umebaki tangu jana humu ndani, nikiuacha utachacha unaniharibia mashine, na mi kwangu tumeshapeleka wa kutosha. Unaweza kuniondolea?" Yule mama akasema aika, yaani asante kwa Kichaga, akafungua kitambaa kingine, akamuondolea. Nilikuwa nimekaa pale juu ya magunia na miaka kama minane hivi, na nilijua kabisa kwamba jana baba alikuja nyumbani mikono mitupu, na hiyo "ya kutosha" ilikuwa ndizi za kuchemsha bila nyama.

Nikamuuliza njiani mbona umemdanganya. Akanyamaza mpaka tumevuka mfereji, alafu akasema, "Ningemwambia nakupa, kesho asingekuja. Angeenda kusaga kwa jiwe."

Basi.

Msije mkadhani namfanya malaika. Mama yangu alikuwa na maneno yake na yalikuwa ya haki. Alikuwa anamwambia wewe unakung'uta mfuko kule mi nakung'uta sufuria huku. Ada zetu za shule zilichelewa, mimi nilirudishwa nyumbani mara ya tatu ndo akaenda kukopa, na mbege siku ya Jumapili hakuikosa hata mwaka wa njaa, mtu wa kumuonjesha kata hakosekani ukiwa na sifa nzuri. Sasa hivi nikiwa mtu mzima mwenye watoto namuelewa mama kuliko nilivyomuelewa wakati ule, wema wa baba ulikuwa unapikwa na mama na hakuna aliyemwambia aika. Hilo nalo niliseme maana tukianza kuwasifia kina baba huwa tunasahau nani alikuwa anapunguza kwenye sahani yake.

Ila kuna siku moja baba alikosea vibaya, na hiyo ndo siku niliyojifunza zaidi. Alikuwa na kijana wa kubeba magunia, mgeni, katoka Singida, hana ndugu kule kwetu. Siku hiyo hela ya mauzo haikuonekana. Baba akampandia yule kijana mbele ya wateja, mashine imejaa watu, akamuita mwizi, akamwambia geuza mifuko. Kijana akageuza, hakuna kitu, akaondoka analia na watu wanamuangalia. Usiku mama anatoa koti la baba alifue, hela hii hapa, imeingia kwenye bitana kupitia tundu.

Wasio wa huku niwaambie, kwetu Uchagani kuna mmea unaitwa isale, una majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo. Ukimkosea mtu kosa kubwa unachukua jani la isale unampelekea kuomba msamaha, na ukiletewa isale sio rahisi kukataa, ni kitu kizito. Mama akamwambia baba nenda usiku huu huu alipolala ukayamalize. Baba akakataa. Nikadhani anaona aibu mzee wa watu kumuomba msamaha kibarua. Kumbe asubuhi kaamka kachuma isale, kamtuma mtu amuite yule kijana mashineni, akasubiri mpaka wateja wamejaa kama jana, wengine ni wale wale, akazima injini. Mkiizima Lister katikati ya kazi kimya chake kinatisha. Akasema, hela niliipata kwangu, huyu sio mwizi, mwizi wa jina lake ni mimi. Akampa isale. Kuna wazee walimcheka, eti isale kwa mtoto tena wa kabila lingine. Baba akawajibu nilimvua nguo mbele yenu, nikamvalishie gizani?

Yule kijana alikaa kwetu miaka mingi, akaoa huko huko Uru, na ndo aliyemrithi baba ufundi.

Kwahiyo Mhariri mnaona ninapoelekea. Mzee wangu aliyeishia darasa la nne alijua kipi kifanywe mbele ya watu na kipi nyuma ya magunia. Sisi tumegeuza. Tunamtukana mtu hadharani alafu tunamuomba msamaha inboksi, msaada ndo tunautolea matangazo.

Najua watakachosema maana nishaambiwa sokoni. Yule wa kwanza niliyegombana naye ni kiongozi wa kikoba, akasema bila picha waliochanga hawataamini, watasema tumekula hela. Nakubali ni hoja, watu wanakula hela kweli. Lakini mbona kuna njia? Piga picha risiti ya duka. Piga picha magunia yakiwa stoo kabla hayajagawiwa. Muite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa asimame pale asaini idadi ya waliopokea, basi, aliyechanga atatazama hiyo. Uso wa mama mzee sio risiti. Tena hata sheria ipo siku hizi, ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, mtu na taarifa zake anatakiwa kuridhia, na kuridhia gani kwa mtu ambaye mchele wake umeshikwa na anayemuuliza?

Wa pili alisema mi nina wivu. Huyo sijamjibu mpaka leo, nampimia kitenge chake nampa chenji yake.

Na nyie Mhariri msikae pembeni kama hamhusiki. Zile picha zenu za "akikabidhi msaada," waheshimiwa watano wameshika boksi moja la sabuni na mtoto yatima katikati anashangaa, mnazitoa karibu kila wiki. Mtoto yule kesho anaenda shule. Andikeni nani katoa na katoa nini, ni habari, watu wasifiwe, ila muacheni mtoto.

Nimalizie na hili. Baba alifariki mwaka 2009, tukamzika Uru kwenye migomba yake. Msibani alikuja yule mjane wa shamba la porini, kazeeka, kashikwa mkono na mjukuu, kaleta unga kwenye kitambaa. Nikamkalisha, nikamsimulia ile habari ya unga wa jana, nikidhani namfunulia siri ambayo hajui. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani, pale msibani watu wakageuka. Akaniambia, "We mtoto, mi nimeanza kusaga nikiwa msichana, unadhani sijui mashine inabakiza unga kiasi gani? Nilijua siku ile ile. Ila sikutaka ajue kwamba najua, angeona aibu yule."

Barua hii mkiichapa naomba msiweke picha pembeni.

Binti wa fundi mashine,
Pasua, Moshi