Kabla Hujanunua Kalipa Kubwa: Breki za Gari la Spoti Kwenye Saketi

Msimu wa mbio ukikaribia, ombi linalotufikia zaidi hapa karakanani ni moja: "Nifungieni kalipa kubwa, zile za pistoni sita." Kalipa ni kile kibano chenye pistoni kinachokandamiza pedi kwenye diski ya gurudumu. Mwenye gari ameshaonja saketi, yaani njia ya mbio, pedali ikamzamia katikati ya mizunguko, akaamua kwamba breki za kiwandani ni ndogo. Kalipa hizo tunazo na tunazifunga. Ila wengi wao huondoka na chupa ya mafuta ya breki na seti ya pedi tu, na hela nyingi waliyokuja nayo inabaki mfukoni.

Kinacholishika gari barabarani ni tairi. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto na kulitoa joto hilo hewani. Kama breki ulizonazo zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) ukiwa kwenye kasi, kalipa kubwa haitakufupishia umbali wa kusimama kwa maana yoyote. Faida yake ni kwamba kona ya mwisho utaifungia breki sawasawa na ya kwanza, na hilo ni suala la joto.

Joto lenyewe si mchezo. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa lina nishati ya takriban megajuli 2.3. Ukilishusha hadi 80 kabla ya kona, megajuli 1.9 hivi zinaingia kwenye diski na pedi ndani ya sekunde chache, na diski za mbele ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Kusimama kabisa kutoka 100 mtaani ni chini ya megajuli 0.6, halafu breki zinapata nafasi ya kupoa. Saketini, zikianza tu kupoa kona nyingine imeshafika.

Joto likizidi, breki hufeli kwa namna mbili, na mguu wako ndio unaojua ni ipi. Pedali ikiwa ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari halipungui, pedi zimevuka joto lake. Pedali ikiwa laini, inashuka mpaka sakafuni na kupanda tena ukiipampu, mafuta yamechemka: mvuke umeingia kwenye mfumo, na mvuke unabanika wakati mafuta hayabaniki. Mteja akitueleza hilo moja vizuri, nusu ya uchunguzi imekwisha.

Tuanze na mafuta, kwa sababu ndiyo yanayosahaulika. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yapo mafuta ya mbio yanayovuka 300 yakiwa mapya, lakini hayo yanataka kubadilishwa mara kwa mara. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni ya silikoni, wala usiichanganye na hizo nyingine kwa kudhani ni daraja la juu yake.

Tunapotoa upepo kwenye mfumo wa breki tunafunga mpira unaoonyesha ndani kwenye nipo ya kalipa, ile skrubu ya kutolea upepo, na mwenye gari tunamwita aje aone. Mafuta yaliyopikwa hutoka yakiwa ya kahawia iliyokolea, na viputo vinafuatana ndani ya mpira. Kumbuka nipo lazima ikae juu. Tumeshapokea gari ambalo kalipa ya kulia ilifungwa kushoto na ya kushoto kulia, nipo zikawa chini. Ungetoa upepo mwaka mzima na pedali isingekaza.

Pedi za kawaida za mtaani hushika vizuri hata zikiwa baridi, lakini nyingi huanza kulegea kwenye nyuzi 400 hivi. Za saketi huendelea hadi 600 na zaidi. Hasara yake utaiona asubuhi ya kwanza: zikiwa baridi hazishiki, zinapiga kelele, zinakula diski, na vumbi lake linang'ang'ania rimu. Ndiyo maana tunapenda mteja awe na seti mbili, abadilishe siku ya mbio. Na pedi mpya zizoeshwe: fanya breki kadhaa za nguvu inayopanda taratibu bila kusimama kabisa, kisha uendeshe zipoe. Ukiruka hatua hii, pedi huacha utando usio sawa kwenye diski, usukani unatetemeka, na unaambiwa diski imepinda. Mara nyingi haijapinda.

Kuhusu diski, msimamo wetu ni mmoja: zenye matundu ni za maonyesho. Kila tundu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Zenye mifereji, au hata zile laini zenye ubora, zinavumilia zaidi. Paipu za breki za waya wa chuma hukaza pedali, hazipunguzi joto.

Kinachopunguza joto ni hewa. Hozi inayotoka kwenye bampa ipeleke upepo katikati ya diski, maana diski yenye uwazi ndani huvuta hewa katikati na kuitupa nje. Ukipuliza uso mmoja tu, upande mmoja unapoa na mwingine unaungua.

Kalipa kubwa basi zina wakati wake: gari zito, injini iliyoongezwa nguvu, tairi za mbio, au pale pedi nzuri zinapoisha ndani ya siku moja ingawa hewa ipo. Hapo tunapima nafasi ndani ya rimu, tunaangalia kama masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, inatosha kwa pistoni hizo, na tunapiga hesabu ya mbele na nyuma. Ukiongeza nguvu mbele peke yake, tairi za mbele zitafunga mapema huku za nyuma hazifanyi kazi yake, na gari linaweza kusimama mbali kuliko zamani.

Ukimaliza kipindi chako, zunguka mara moja polepole bila kugusa breki sana. Ukiegesha usivute handibreki. Acha gari kwenye gia, weka kabari kwenye tairi.

Ukija kwetu, njoo na pedi zako za zamani hata kama zimebaki chuma. Kingo zilizogeuka nyeupe na kumong'onyoka zinatuambia joto lilifika wapi, na pedi iliyolika upande mmoja inatuonyesha pistoni iliyokwama au kalipa inayopanuka, jambo ambalo kwa macho ya nje hatungeliona.